Nusu Inchi Kila Ubavu

Daktari aliyasema maneno yake mlango ukiwa umefungwa, na Fundi alikuwa nje. Hapo ndipo pa kuanzia, maana watu wakikisimulia kisa hiki huanzia mwisho, halafu wanabaki kulaumiana bila kujua nani alisikia nini. Fundi alikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa, mbele yake watu kumi na wawili, ameshika karatasi ya mkewe na kuikodolea macho utadhani anaielewa. Mkewe alikuwa chumbani peke yake na daktari.

Daktari alimwambia kwamba tumboni ana uvimbe. Watajaribu vidonge kwa miezi mitatu. Vikifanya kazi, uvimbe utasinyaa na mambo yataishia hapo. Visipofanya kazi itabidi apasuliwe, tena mapema, kabla uvimbe haujashika mahali pengine. Akamwonya kwamba vidonge vile huumua uso, kwa hiyo asidanganyike na kioo. Akamuuliza kama nyumbani wana mizani. Hawakuwa nayo.

"Basi mizani yako ni nguo zako," daktari akasema. "Zikianza kukupwaya, usisubiri tarehe. Njoo siku hiyohiyo."

Mke akayasikia, akayaweka moyoni, na alipotoka alimwambia mumewe habari ya uvimbe, vidonge na miezi mitatu, basi. Si kwamba alikuwa mwongo. Alimjua mtu wake. Fundi ni mtu wa kukosa usingizi kwa sababu ya mafua ya jirani, na juu ya hayo ni fundi cherehani. Angeambiwa habari za nguo kupwaya, angemvizia na futi shingoni kila anaponyanyuka kwenda chooni. Mke akaona heri alibebe jambo hili peke yake. Lenyewe lilikuwa jepesi: kuvaa nguo na kuangalia.

Waliitana Fundi na Mwalimu tangu siku za uchumba. Ulianza kama utani, utani ukazoeleka, mpaka majina yao yenyewe yakabaki kwenye vyeti tu. Fundi alikuwa na duka la ushonaji mtaa wa pili, chumba kimoja chenye vyerehani viwili, mashine ya ovaloki ya kufungia kingo za kitambaa zisifumuke, meza ya kukatia na pasi nzito ya mvuke. Mwalimu alifundisha Kiingereza shule ya sekondari, na kwa kuwa sasa alikuwa amepewa ruhusa ya ugonjwa, alihamishia kazi yake sebuleni. Miaka sita alikuwa akitunga kamusi ndogo ya wanafunzi wake, si kwa kuagizwa na mtu, ila kwa sababu zile zilizopo zilimkera. Kila neno lilikuwa na kadi yake, na kadi zilipangwa ndani ya maboksi ya viatu aliyoyaomba kwa fundi viatu wa jirani na duka la mumewe.

Wiki ile ya kwanza ya vidonge alikuwa amekwama kwenye neno moja, wide, lile ambalo Waingereza hulitumia kwa kitu kipana. Kadi yake ilijaa mbele na nyuma, akagundisha kadi ya pili chini yake, na ya tatu. Fundi aliporudi kutoka dukani alimkuta amezungukwa na makaratasi, uso umeanza kuumuka, kalamu sikioni.

Mwalimu alimlalamikia kama vile mumewe ndiye aliyeitunga lugha yenyewe. Alisema hawa watu wavivu kweli, neno moja wanalituma kila mahali kama vile halichoki. Mto ni mpana, sawa, hilo halina ubishi. Lakini mlango ukifunguliwa mpaka ukagonga ukuta, wanalileta neno hilohilo. Mtu akikodoa macho, hilohilo. Akikesha bila kupata hata lepe la usingizi, hilohilo. Ukirusha jiwe kwenye chupa likapita kando, hilohilo tena. Akasema Kiswahili kimekipa kila kimoja cha kwake, na mwanafunzi anayetafsiri kila kitu kwa upana anaishia kuandika kwamba mwizi alikuwa na macho mapana, na yeye mwalimu wake ndiye anayebaki na kalamu nyekundu mkononi.

Fundi akamwambia kwamba kwa upande wake anaujua upana wa aina mbili tu, wa kitambaa na wa mteja, na kila mwaka wa mteja unaongezeka na wa kitambaa uko palepale. Mwalimu alicheka mpaka akashika tumbo, na aliposhika tumbo Fundi akaacha kucheka.

Wiki ya tatu, mchana, Mwalimu alijiandaa kwenda shuleni mara moja kuchukua vitabu. Alivaa sketi yake ya kijivu, ile yenye zipu nyuma, na aliposimama kunywa maji zipu ilikuwa imeshafika ubavuni. Sketi ilikuwa imemzunguka yenyewe. Yeye hakuona, alikuwa akiwaza vitabu. Fundi aliona. Kazi ya mtu haimwachi: alipotazama tu, mikono yake ikajua kwamba pale kiunoni pamepungua inchi mbili. Akamsogelea mkewe, akamgeuzia zipu nyuma kwa kidole, huku akijifanya anampangusa vumbi.

Mtu mwingine angesema. Fundi hakusema, na tumtendee haki, alikuwa na sababu. Mama mzazi wa Mwalimu aliugua mwaka mzima kabla ya kufa, akakonda mpaka nguo zake zikawa zinabanwa kwa pini mgongoni, na Mwalimu, wakati huo msichana, ndiye aliyekuwa akizibana kila asubuhi. Alimwambia Fundi habari hizo mara moja tu, miaka ya mwanzo ya ndoa yao, na alilia vibaya sana. Alisema mama alikuwa akipambana vizuri tu mpaka siku alipojitazama na zile pini. Kuanzia siku hiyo akageukia ukutani. Maneno hayo yalimkaa Fundi kifuani. Na kule kwenye dirisha la dawa walikuwa wamemwambia kwamba vidonge vile vinaweza kumkata mtu hamu ya kula. Basi akajua, kwa kujua kwake, kwamba mkewe anapungua kwa sababu ya dawa, kwamba dawa ikiisha atanenepa, na kwamba kitu pekee kinachoweza kumuua katikati ya safari ni kujiona.

Mwalimu aliporudi kutoka shuleni, pasi ya nyumbani ilikuwa haiwaki. Fundi ndiye aliyechomoa waya ndani yake. Akasema hakuna haja ya kununua nyingine, nguo za kupiga pasi atakuwa anazipeleka dukani, iko ile ya mvuke imekaa bure. Mwalimu akamwambia amekuwa mume mzuri uzeeni. Kesho yake Fundi alitoka na nguo zote za mkewe mkononi: sketi tatu, magauni manne, blauzi tano.

Alifunga mlango wa duka mchana kweupe, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Akafumua ubavu wa sketi ya kijivu, akaingiza nusu inchi upande huu na nusu inchi upande ule, ambayo mbele na nyuma inakuwa inchi mbili, akashona. Ilikuwa kazi ya dakika ishirini. Ila hapo akakumbwa na tatizo. Fundi yeyote anayejiheshimu akipunguza nguo huacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono, ili siku mwenyewe akinenepa mshono uachiwe. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza aliyofundishwa, na mafundi wanaokata ziada hiyo yeye alikuwa akiwaita wauaji wa nguo. Lakini Mwalimu alikuwa ameishi na fundi miaka kumi na saba. Alikuwa na tabia ya kupitisha vidole ndani ya mishono bila hata kufikiri, kama wengine wanavyochezea vifungo. Akikuta ndani kitambaa kinene cha vidole viwili, atauliza.

Fundi alikaa akiitazama ile sketi kwa muda. Kisha akachukua mkasi akakata ziada yote, akapitisha ovaloki upya, akapiga mvuke na kuzisugua kwa ukucha alama za sindano za zamani mpaka zikapotea. Akafanya hivyo kwa sketi nyingine na magauni yote. Blauzi alizifumua mpaka mabegani, maana mtu akikonda bega ndilo linaloanza kuanguka. Jioni aliirudisha kazi nyumbani imenyooka, na nilivyoambiwa, hata fundi mwenzake asingeona kitu.

Mwalimu akavaa, nguo zikamkaa. Akapitisha kidole gumba kiunoni, kidole kikabana. Akashusha pumzi, na Fundi akadhani anashusha pumzi ya uchovu.

Jamani, hawa watu walikuwa wanapendana. Hilo ndilo linaloniudhi. Wangekuwa wananuniana, mmoja angemrushia mwenzake maneno, na ukweli ungetoka kwenye ugomvi kama unavyotoka kwenye nyumba nyingine zote. Wao kila mmoja alikuwa anamlinda mwenzake, mmoja mlango wa mbele, mmoja wa nyuma.

Wiki ya tano Fundi akapunguza tena. Ya nane, tena. Mwalimu alikuwa anaendelea na kadi zake, amelishinda lile neno la upana na kusonga mbele, ingawa siku hizi alifanya kazi amejilaza, boksi likiwa juu ya tumbo. Mikono yake ilikuwa imekuwa myembamba na aliiona. Lakini alijiambia mikono ni kwa ajili ya kukaa bila kufuta ubao, na uso wake uliendelea kuwa mviringo. Kila asubuhi alivaa, akapitisha kidole gumba kiunoni, akamshukuru Mungu.

Wiki hiyo ya nane dada yake akaja. Huyu ni dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa, mwanamke wa sauti nzito na viatu vizito, mkaguzi wa shule za awali, ambaye hata akisalimia unahisi amekukuta na kosa. Alisimama mlangoni, akamtazama mdogo wake kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema bila hata kuketi kwamba amekonda na lazima arudishwe hospitali leo hii.

Mwalimu akanyanyuka taratibu, akasimama mbele yake, akanyanyua blauzi kidogo na kumwonyesha kiuno cha sketi.

"Ingiza kidole, Dada," akasema. "Si unasema nimekonda? Ingiza."

Dada Mkubwa akajaribu. Kidole hakikupita vizuri. Akaivuta sketi ubavuni, akaikuta imemshika. Akakunja uso, akamgeukia Fundi, akasema labda ni macho yake, labda ni kwa sababu hajamwona siku nyingi. Fundi akamwambia shemeji akae, ni uchovu wa safari. Wote watatu wakacheka. Fundi alitoka uani kuteka maji na alipokuwa anateka akaanza kupiga mluzi. Mjinga wa watu, alikuwa anajivunia. Alihisi leo ameukinga moyo wa mkewe kwa mikono yake miwili, na cherehani.

Kabla ya wiki ya kumi kwisha alipunguza mara ya nne. Safari hii alikata inchi nyingi.

Wiki ya kumi na moja, siku ambayo Mwalimu alikuwa na nafuu kidogo, Fundi alimletea chai akamkuta anatabasamu peke yake. Akamwambia aketi. Akasema ana siri ambayo ameibeba tangu siku ile ya hospitali, na sasa kwa kuwa zimebaki wiki mbili tu, haoni sababu ya kuendelea kuibeba.

"Daktari aliniambia nguo zikianza kunipwaya nirudi siku hiyohiyo," akasema. "Ingekuwa na maana dawa imeshindwa, na wanipasue kabla uvimbe haujasambaa. Nilikuficha, Fundi, kwa sababu nakujua, ungenipima mpaka usingizini. Lakini ona." Akajipiga kiunoni kwa kiganja. "Zote zimenikaa. Imefanya kazi."

Fundi alikuwa bado ameshika kikombe. Alikiweka mezani juu ya kadi, chai ikamwagikia kadi, na Mwalimu akaanza kuifuta kwa upindo wa gauni huku akimcheka kwamba furaha imemlegeza mikono. Fundi akasema ndiyo, ni furaha. Akasema kuna mteja anamsubiri. Akatoka.

Alichofanya siku nne zilizofuata ndicho kinachonifanya nishindwe kumtetea mpaka mwisho. Alitakiwa kugeuka palepale mlangoni na kusema. Ni sentensi moja. Lakini alipoiona ile sentensi imesimama mbele yake, miguu ilimpeleka dukani. Akili ya fundi ikamwambia kwamba kilichoshonwa hufumuliwa. Ataziachia nguo zote zirudi zilivyokuwa, atazirudisha kabatini, Mwalimu atavaa, ataona zinapwaya, atakwenda hospitali mwenyewe, na hakuna atakayejua.

Zilikuwapo dukani siku hiyo, zote ila gauni alilolivaa Mwalimu, zinasubiri pasi. Akaigeuza sketi ya kijivu nje ndani, akafumua ubavu mzima. Akavuta kitambaa. Hakikuwapo. Pale ambapo pangekuwa na ziada ya vidole viwili palikuwa na uzi wa ovaloki tu, safi, karibu kabisa na mshono. Akafumua gauni la kwanza, la pili. Akafumua blauzi. Alikuwa amekata kila kitu, mara nne, na vipande vilishatupwa na takataka siku nyingi. Akatafuta kama kuna nguo hata moja aliyoisahau, na hakuna, kwa sababu alikuwa fundi mwangalifu. Akazishona tena zilivyokuwa, moja baada ya moja, huku machozi yakimdondokea kwenye kitambaa, na hiyo ikamla siku nzima na nusu.

Siku ya tatu akapata wazo jingine. Alikata kitambaa kipya cha bluu, akashona sketi ya vipimo vya zamani vya Mwalimu, ambavyo hakuhitaji kuviangalia kwenye daftari. Siku ya nne ikampita akiwa anaikunja na kuikunjua. Siku ya tano asubuhi akaipeleka nyumbani, akasema ni zawadi.

Mwalimu alifurahi kweli. Akaivaa palepale, akafunga zipu, akaachia mikono. Sketi ikateremka mpaka magotini. Akaidaka, akaipandisha, akaiachia tena, ikateremka tena. Akaanza kucheka, kicheko cha kumhurumia mtu.

"Fundi, umekosea kipimo," akasema. "Miaka yote hiyo, leo umekosea kipimo changu."

Angeweza kuitikia. Hata pale, sketi ikiwa magotini, mlango wa kutorokea ulikuwa wazi kabisa, na nadhani aliuona. Mwalimu aliamini nguo za kabatini kuliko alivyomwamini mumewe, na angeendelea kuziamini mpaka tarehe ifike.

"Sijakosea," Fundi akasema. "Hicho ndicho kipimo chako."

Mwalimu aliendelea kutabasamu kidogo, akisubiri utani uishe. Ulipochelewa kuisha, akaiacha ile sketi ya bluu sakafuni, akaenda kabatini akatoa gauni, akaligeuza nje ndani na kulipeleka dirishani. Alipitisha vidole ndani ya mshono taratibu, kutoka kwapani mpaka kwenye pindo. Akatoa jingine. Akatoa sketi ya kijivu. Alikuwa mtu wa kusoma na alisoma zote.

"Mara ngapi?" akauliza.

"Nne."

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu." Fundi akataka kuanza habari ya mama, na pini, na dirisha la dawa. Akasema tu kwamba alitaka asijione.

Mwalimu hakupiga kelele. Alikaa ukingoni mwa kitanda, ameshika sketi mapajani, na mgongo wake mwembamba ukionekana mfupa mmoja mmoja kupitia kwenye blauzi iliyomkaa sawasawa. Halafu akamwambia amletee viatu.

Hospitali walimpiga picha siku hiyohiyo na kesho yake wakaitwa. Dada Mkubwa alikuwa amefika, amesafiri asubuhi, bado ana mkoba begani. Daktari yuleyule aliziweka picha kwenye taa na kueleza kwa utulivu, na kadiri alivyoeleza ndivyo Fundi alivyoelewa kwamba utulivu ule ni wa mtu ambaye hana la kufanya. Uvimbe ulikuwa umeshika ini na umeshika uti wa mgongo. Kupasua sasa kungekuwa kumtesa bure. Watampa dawa za maumivu. Alipoulizwa na Dada kama kungekuwa na tofauti wangekuja mapema, daktari alisema ndiyo, mwezi wa kwanza ule, hata wa pili mwanzoni, tofauti ingekuwa kubwa sana.

Kisha akamgeukia mgonjwa. Hakuwa na ukali, alikuwa anajaza fomu.

"Nilikwambia kuhusu nguo. Hazikukupwaya?"

Fundi alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mkewe. Alifungua mdomo. Hili naliamini, alifungua mdomo na neno lilikuwapo.

"Zilipwaya," Mwalimu akasema. "Niliona. Nilipuuza tu."

Dada Mkubwa alilia kwa sauti mle ndani, na alipomaliza kulia akaanza kusema. Alimwambia mdogo wake kwamba alimwona na akamwambia, kwamba alimdanganya machoni, kwamba alivaa sketi ya kubana makusudi ili amfunge mdomo. Akamuuliza ni nini alichokipenda zaidi kuliko uhai, zile kadi zake? Mwalimu aliyasikiliza yote ameinamisha kichwa, kama wanafunzi wake walivyokuwa wakimsikiliza yeye. Fundi alifunga mdomo wake na hakuufungua tena.

Walipobaki wawili wodini alipiga magoti kando ya kitanda akamwambia atamwambia shemeji ukweli, leo hii, hawezi kuliacha lipite. Mwalimu akamgeukia. Uso wake wa mviringo ulikuwa umetulia, na sauti yake ilikuwa ile ya darasani.

"Mimi nitalaumiwa nikiwa sipo," akasema. "Wewe ungelaumiwa kila siku. Kaa kimya." Halafu, Fundi alipomshika mkono na kuanza kumshukuru, akauondoa mkono taratibu. "Nimekufichia. Sijakusamehe. Hayo ni mambo mawili, usiyachanganye."

Aliishi siku thelathini na nne. Fundi alimlisha, alimwogesha, alimgeuza ubavu, na kila siku alisubiri aambiwe lile la pili, la msamaha. Mwalimu alizungumza naye vizuri tu, kuhusu maji, kuhusu mto wa kichwani, kuhusu boksi gani la kadi liende kwa mwalimu gani shuleni. Hilo lingine hakulisema. Siku ya mwisho alikuwa na maumivu makali na hakumtambua mtu.

Baada ya mazishi nyumba ilijaa watu. Dada Mkubwa ndiye aliyekuwa akiwapokea mlangoni, na kila aliyeingia na kuuliza imekuwaje, alisimuliwa: aliambiwa na daktari wazi kabisa, akaona mwenyewe, akapuuza. Alisema kwa uchungu, maana ni yeye aliyemlea, na kwa kila alivyorudia uchungu ulipungua kidogo na hasira ikaongezeka. Walimu wenzake wakatikisa vichwa. Mmoja akasema wasomi ndio wabishi zaidi kwa miili yao. Fundi alikuwa ameketi kwenye kona ya sebule, chini ya rafu iliyokuwa na maboksi, akitazama vidole vyake.

Siku ya tatu Dada Mkubwa alikauka sauti akaenda kulala, na Fundi akabaki na wageni peke yake. Adhuhuri akaja fundi viatu, jirani yake wa dukani, mtu mwema, ambaye alikuwa safarini na habari zimemkuta njiani. Akaketi karibu naye, akamshika bega. Kisha akauliza, kama wanavyouliza wote, ilikuwaje, mbona alikuwa anaonekana anaendelea vizuri, mbona hakuwahi kurudi hospitali.

Chumba hakikuwa na mtu mwingine anayesikiliza. Fundi viatu hakuwa wa kumhukumu mtu. Fundi alimtazama.

"Aliambiwa," akasema. "Aliona mwenyewe, akapuuza."

Fundi viatu akasikitika sana, akasema maskini, laiti angemsikiliza mumewe.

"Ndiyo," Fundi akasema.